Walezi wa Salamadrini

Nchi hii haipo. Na kama ipo, haiko jirani na kwenu. Na kama iko jirani na kwenu, basi haya yalitokea zamani sana, kabla ya uongozi huu bora mlio nao. Nimeona niyaseme hayo mapema ili asije mtu akanuna bure.

Katika nchi hiyo kila kitu kilikuwa na mlezi. Daraja lilikuwa na mlezi, kisima kilikuwa na mlezi, hata mnara wa saa ulikuwa na mlezi, ingawa saa yenyewe ilisimama tangu enzi za mkoloni. Mlezi hakuwa fundi wala mjuzi wa lolote. Alikuwa mtu tu, mwenye jina na mahali anapolala, ili kitu kikiharibika serikali isipate usumbufu wa kutafuta nani afungwe. Daraja la Mto Mbuni lilipoanguka na basi la harusi, mlezi wake, mzee Ntandu muuza karanga, alitiwa pingu kabla maji hayajatulia. Watu wakalala usingizi mzuri, maana haki ilikuwa imetendeka. Juu ya walezi wote alikuwapo Mtukufu Mlezi Mkuu, ambaye alilea kila kitu kwa jumla, na kwa sababu hiyo hakulea kitu chochote hasa.

Kasiano alikuwa mtumishi wa Idara ya Vifo na Faraja. Kazi yake ilikuwa kusoma vyeti vya vifo. Daktari aliandika kwa maneno yake mwenyewe kilichomuua marehemu, na Kasiano akachomoa jina la dawa yoyote iliyotajwa humo na kulipeleka kwenye jalada lake. Sheria ilisema dawa ikitajwa katika vyeti mia isimamishwe mara moja, na mlezi wake ajibu kwa maiti wote mia. Mlezi aliyejibu kwa maiti mia hakufungwa. Alinyongwa, kwa heshima zote, na bendi ikipiga.

Ilikuwa sheria nzuri, na hakuna aliyewahi kuiona ikifanya kazi.

Dawa iliyotajwa sana miaka hiyo ilikuwa Salamadrini. Ilitengenezwa na kiwanda cha taifa kwa ajili ya homa ya vumbi, ikawa na rangi ya njano, tamu mwanzoni na chungu mwishoni. Mgonjwa aliyeinywa alipoa homa, kisha macho yakawa ya njano, kisha kucha, kisha akapoa kabisa. Lakini katika vyeti ungeitafuta Salamadrini mpaka uchoke. Daktari huyu aliandika Salmadreni, yule akaandika Saramadirini, mwingine Salama Durini, mwingine Sramdrn kama mtu aliyefukuzwa na nyuki akiwa ameshika kalamu. Na kila jina lilifunguliwa jalada lake, kwa kuwa kanuni ilimkataza mtumishi kugusa alichoandika daktari. Makabati yakajaa mpaka yakatoka ukumbini, na Idara ikatangaza kwa fahari kwamba hakuna dawa nchini iliyowahi kuua zaidi ya watu watatu. Daktari mmoja wa mpakani aliandika kwamba marehemu aliuawa na Salma Dereni. Polisi walimtafuta mwanamke huyo kwa bidii kubwa. Picha yake ya kuchorwa ikabandikwa sokoni, mama wa makamo, mnene kidogo, mwenye kipini puani, na wanawake wanne waliofanana na picha hiyo wakalala rumande.

Msidhani Kasiano peke yake ndiye aliyejua kuwa majina yale yote ni dawa moja. Mkurugenzi alijua, mfagiaji alijua, hata mwuza vitumbua wa mlangoni alijua. Wakati wa chai walitaniana kwa majina hayo, mmoja akimwuliza mwenzake kama leo amemwona Salma. Kasiano alicheka pamoja nao. Funika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu wa Idara ile alikuwa akipita kila siku saa nne, kwenye sahani ya maandazi.

Kicheko kilimwisha siku mkewe alipoanguka jikoni.

Veneranda alikuwa mpika chai wa bohari kuu ya dawa. Homa ya vumbi ilimshika kiangazi kilipokolea, wakampeleka hospitali ya wilaya, na Kasiano alipofika kumtazama alimkuta muuguzi amemwinua kichwa anamnywesha kikombe cha njano. Ndipo akakumbuka kitu kilichoning'inia sebuleni kwao miaka yote, ubavuni mwa picha yao ya harusi, kiasi kwamba macho yalikuwa yameshazoea kukiruka.

Siku Salamadrini ilipozinduliwa palihitajika mlezi. Wakubwa wa bohari wote walipata dharura asubuhi hiyohiyo: huyu kafiwa na shangazi, yule gari limezima, mwingine tumbo. Mgeni rasmi alikuwa amekwisha kufika na wapiga picha wanangoja. Basi wakamwita mama wa chai. Wakampa khanga, chupa ya chai mpya na cheti cha ulezi chenye muhuri mwekundu, naye akapiga magoti kwa shukrani. Jioni yake alimwambia mumewe kwamba Mungu si Athumani. Wakakitundika cheti ukutani na kukisahau.

Kasiano alimfuata daktari wa wodi ofisini kwake. Alikuwa kijana mpole aitwaye Mbonea, mwenye viatu vilivyochoka. Akamwomba ambadilishie mkewe dawa. Daktari alifunga mlango kwanza.

"Mzee Kasiano," alisema, "mlezi akiugua hutibiwa kwa dawa anayoilea. Nikimpa nyingine nitakuwa nimesema ya kwake haifai."

"Inaua. Wewe mwenyewe unaandika kuwa inaua, mimi ndiye ninayesoma."

"Naandika Salmadreni," alisema Mbonea taratibu. "Naandika Saramadirini. Mwezi jana niliandika kinywaji fulani cha njano. Mzee wangu, unadhani nimesoma miaka yote ile nikashindwa kuandika jina la dawa? Siku tukiliandika sawasawa, vyeti vinafika mia kabla ya Ijumaa, na anayekwenda kunyongwa ni mkeo. Madaktari wa nchi nzima tunamsitiri yule mama. Kila anayekuja bohari kuchukua dawa amekunywa chai yake."

Kasiano alikaa kwenye kiti cha wagonjwa. Miaka yote aliyowacheka madaktari kwa mwandiko wao, kumbe walikuwa wakimwekea mke nyumbani. Na sasa kikombe kilekile walichokifichia jina kilikuwa mdomoni mwa mke huyo. Majina yakiunganishwa, kamba. Yasipounganishwa, kikombe. Alimtazama daktari akitumaini kuna mlango wa tatu, lakini daktari alikuwa akitazama viatu vyake.

Kesho yake Kasiano alikwenda kwenye Kamati ya Utambuzi wa Majina, iliyokaa chumba chenye zulia na feni. Mwenyekiti wake, Mheshimiwa Kibindo, alikuwa mtu wa mwili na sauti, na ilisemekana hajawahi kutambua jina hata moja tangu ateuliwe, jambo lililomletea nishani mbili. Kasiano alianza kwa mbali. Aliuliza kama haiwezekani Kamati ikaona kwamba baadhi ya majina yanafanana fanana.

Mheshimiwa alicheka kwa upole wa baba. Alisema kufanana si kuwa. Yeye mwenyewe alifanana sana na marehemu kaka yake, lakini hakuna aliyemzika yeye. Akaeleza kwa kirefu kwamba taifa changa haliwezi kuanza kuunganisha unganisha mambo, kwa sababu ukiunganisha majina utataka kuunganisha na vifo, ukiunganisha vifo utataka kuunganisha na watu, na watu wakishaungana ni nani atakayewatenganisha? Wajumbe walipiga meza.

"Lakini kama wewe unaleta ombi rasmi," aliongeza, akivuta kalamu, "tunaweza kuyaunganisha hata sasa hivi. Kalamu hii hapa. Usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Mlezi wa dawa hiyo ni nani vile?"

Kasiano alisema haleti ombi hilo. Alisema amekuja kwa jambo jingine kabisa, dogo, la kifamilia. Anaomba achukue ulezi wa mkewe, kwa kuwa mama yule ni mgonjwa, na si vizuri dawa ya taifa kulelewa na mtu aliyelala.

Wajumbe walifurahi mno. Tangu nchi ipate uhuru hakuwahi kutokea mtu aliyeomba ulezi kwa mdomo wake mwenyewe. Waliangalia kanuni wakakuta mume na mke wanaruhusiwa kupokezana, kama wanavyopokezana mtoto mgongoni. Masharti yalikuwa machache. Mlezi aliyeomba mwenyewe, tofauti na aliyeteuliwa, hunywa kikombe kimoja kila asubuhi mbele ya balozi wa mtaa, ili kuonyesha imani. Hahami mtaa. Na hasemi neno baya juu ya anachokilea, kwa maana mzazi hamshitaki mwanawe. Akimkana mbele za watu, majina yote huunganishwa saa hiyohiyo, naye hujibu. Kuhusu kazi yake, aliambiwa aendelee kusoma vyeti, isipokuwa vinavyohusu dawa yake. Na kwa kuwa hakuweza kujua vinavyohusu bila kuvisoma, alipewa kibali cha kuvisoma na kusahau.

Basi Veneranda aliondolewa kikombe siku hiyo. Walimpa uji, maji ya ndimu na usingizi, na mvua ya kwanza ilipolaza vumbi homa ikamwachia. Alirudi nyumbani akiwa mwepesi kama khanga kwenye kamba. Akamkuta mumewe anatoka kila alfajiri, anarudi akitema mate, na hataki kukaa karibu na taa.

Alimvuta mpaka dirishani, akamfunua kope ya chini kwa kidole gumba, kama afanyavyo mtu anayenunua mbuzi. Njano ilikuwa imeanza pembeni. Veneranda alilia kidogo, akaosha vyombo, akavaa khanga ya ulezi, akatoka. Aliporudi jioni alikuwa mlezi wa Salamadrini.

Waligombana usiku kucha, kwa kunong'ona, sababu balozi alikaa nyumba ya pili. Kasiano alimwambia amemwaga maji yaliyotekwa kwa shida. Veneranda alimjibu kwamba ulezi ule alipewa yeye, na yeye ndiye aliyeupigia magoti. Asubuhi Kasiano aliwahi Kamati kabla haijafunguliwa akauchukua. Baada ya siku chache Veneranda akauchukua tena. Mwishowe karani wa Kamati, aliyechoka kuandika, aliwashauri wapokezane kwa wiki, Jumatatu kwa Jumatatu, wapunguze usumbufu. Walikubali kwa kukosa la kufanya. Kila mmoja alikunywa wiki yake, na wiki ya mwenzake macho yakaurudia weupe kidogo, yakarudi njano, yakarudia weupe. Hawakupona na hawakufa. Ndani ya nyumba ile mapenzi yalikuwa yamegeuka zamu ya ulinzi.

Sasa tazameni bahati. Mtu aliyekunywa Salamadrini wiki mbili mfululizo alizikwa. Lakini hawa waliinywa miezi, na bado walionekana sokoni wakinunua mchicha. Habari zikamfikia Mheshimiwa Kibindo, naye akazipandisha juu kwa Mtukufu. Ikatangazwa redioni kwamba maneno yote ya uzushi juu ya dawa ya taifa yamekwisha, kwa sababu walezi wake wanaitumia kwa hiari na wanazidi kupendana. Wakaitwa Familia Bora ya Taifa. Picha yao ikabandikwa kila zahanati, Kasiano kaketi, Veneranda kasimama na mkono begani mwake, na mpiga picha alitumia rangi nyeusi na nyeupe, kwa ushauri wa wataalamu. Waliokuwa wakimwaga dawa nyuma ya choo wakaacha kumwaga. Waliokuwa wakisita, wakapanga foleni.

Kasiano aliyaona ofisini. Sasa vyeti vilikuja kwa magunia. Alisoma Salimandirini, alisoma Suramadarini, alisoma mtoto wa miaka minne, akatakiwa kusahau. Jalada jipya lilipofunguliwa alijua ni kifo ambacho picha yake imekileta. Wakati wa chai hakukuwa tena na mzaha, na mwuza vitumbua alikuwa mmoja wa waliomo katika magunia hayo. Kasiano alimwambia mkewe kwamba uhai wao ndio unaoua watu. Veneranda alisema anajua. Alisema amejaribu kuwaza mmoja wao afe, dawa ipate aibu, lakini hata hilo halifai, kwani atakayebaki hurithi ulezi, na mlezi hasemi. Walikuwa wamekaa kitandani, kila mmoja amegeukia ukuta wake.

Ikaja sikukuu ya Wiki ya Salamadrini. Uwanja wa mpira ulijaa. Katikati paliwekwa jukwaa, na chini ya jukwaa meza ndefu yenye vikombe vya bure kwa ajili ya watoto, kwa kuwa kiangazi kilikuwa kimerudi na vumbi lake. Mheshimiwa Kibindo alisoma hotuba ya Mtukufu, aliyeshindwa kufika kwa sababu alikuwa akilea mambo mengine. Hotuba ilisema kwamba nchi nyingine zina dhahabu na mafuta, lakini sisi tuna imani, na imani haichimbwi na mgeni. Bendi ikapiga. Kasiano, kwa kuwa wiki ile ilikuwa zamu yake, akakabidhiwa kikombe anywe mbele ya umma.

Aliangalia chini. Mbele kabisa ya foleni, karibu na meza, alisimama Mama Yusta, jirani yao wa ukuta mmoja, na mwanawe mgongoni amelaza kichwa kwa homa. Mama Yusta alimpungia mkono Kasiano, shemeji yake wa mtaani, kwa kujivunia kwamba anafahamiana na wakubwa. Hofu aliyoibeba Kasiano mwaka mzima ikamwishia ghafla, kama mtu aliyetua mzigo bila kuambiwa. Alisogea kwenye kipaza sauti.

"Dawa hii inaua," alisema. "Majina yote yale ni dawa moja. Msiwape watoto."

Bendi iliyokuwa ikijiandaa kupiga ilishusha tarumbeta. Mheshimiwa Kibindo hakukasirika. Alipapasa mfuko wa koti akatoa kalamu, na karani akamfungulia faili lililokuwa tayari kwa mwaka mzima, lenye nafasi moja tu ya kutia sahihi ili majina yote yawe moja. Askari wawili walipanda ngazi bila haraka. Kasiano aliwaona akasimama wima. Sahihi ile ingemnyonga yeye na kuifungia dawa, na kwa mara ya kwanza tangu mkewe aanguke jikoni, hesabu ilikuwa imekubali. Wino ulikuwa bado haujagusa karatasi.

Hapo ndipo Veneranda alipomnyang'anya kikombe. Alikunywa chote, mpaka chini, akakigeuza watu waone kuwa halikubaki tone.

"Msimsikilize huyu," alisema kwenye kipaza sauti, akicheka. "Ana wivu. Leo ilikuwa zamu yangu."

Kicheko kilianza kwenye viti vya wageni, kikashuka mpaka foleni, kikazunguka uwanja mzima. Wanawake walipiga vigelegele. Mheshimiwa alirudisha kalamu mfukoni, akafuta jasho, akasema kwamba ndugu wananchi mmejionea wenyewe, wanaigombania. Bendi ikapiga wimbo wa taifa mara mbili. Askari walishuka ngazi kama walivyopanda.

Kasiano alimgeukia mkewe. Alikuwa na hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo kwa mtu mwingine yeyote.

"Umefanya nini, Veneranda? Ilikuwa imekwisha."

"Ulitaka nibaki na nani?" aliuliza Veneranda. Hakuwa akicheka tena.

Chini ya jukwaa foleni ilianza kusogea. Veneranda aliteremka, kwa kuwa ratiba ilimtaka agawe kikombe cha kwanza kwa mkono wake. Askari alisimama ubavuni mwake na karani nyuma yake. Mama Yusta alikwisha kumshusha mwanawe kutoka mgongoni, amemkalisha kiunoni na kumfuta mdomo kwa ncha ya khanga.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "nimpe?"

Askari alikuwa akimtazama. Veneranda aliweka kikombe mezani, akamchukua mtoto, akamrudisha mgongoni kwa mama yake, akamfunga khanga vizuri, mafundo mawili.

"Jua hili litamwumiza," alisema. "Mpeleke nyumbani. Utakuja kesho."

"Kesho itakuwepo?"

"Itakuwepo."

Mama Yusta alimtazama machoni, karibu, mahali ambapo picha ya zahanati haikuweza kufika, akaiona rangi. Alitoka kwenye foleni akaondoka kwa miguu ya haraka, na waliokuwa nyuma yake wakasogea hatua moja mbele kuziba pengo, wakifurahi kwamba leo foleni inakwenda.

Karani aliiandika wiki ile kuwa ya Veneranda. Jumatatu iliyofuata ilikuwa zamu ya Kasiano, naye akaenda.